Samaki ndani ya skrini ya baba

Wewe mdogo wangu, uko hapo? Nina hasira mno!

Shemeji yako ameichokonoa ile skrini ya chogo, runinga ya zamani ya marehemu baba. Katoa matumbo yote, katia tangi la samaki. SAMAKI!

Eti sapraizi. Namuuliza nani kakutuma, ananijibu, "Si ilikuwa mbovu? Niliiwasha ikabaki giza."

Mbovu!! Ile haiwaki mpaka uizabe kofi ubavuni, nyumbani kwetu nani asiyejua? Baba aliizaba kila tukitaka gemu.

Sasa sikia. Mama kaingia sasa hivi, na macho yake yale hafifu. Kaizaba kofi palepale pa baba. Maji yakaruka.

Na bado amesimama, anasubiri iwake.