Ukuta wa Majani Chumbani kwa Mama

Orofa ya juu,
Karakana ya Samani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo lakini? Na wifi yangu, na hao mapacha wenu watundu? Natumaini mnakula mkashiba na mnalala mkaamka. Sisi tungali tunapumua, na hapa kwetu hilo si neno la kusema kwa mazoea tu.

Ule ukuta wa mimea tuliujenga. Ulipotusimulia kwamba ofisini kwenu mnao na kwamba unasafisha hewa, shemeji yako hata hakungoja. Alishuka karakanani kwake, akaokota mabaki ya mbao za makabati ya watu, akaunda fremu ya kufunika ukuta mzima wa chumba cha Mama. Mimi nikakata chupa za plastiki, nikajaza udongo, nikapanda kila jani lililokubali kushika. Ulipendeza, mdogo wangu. Majirani walipanda ngazi kuja kuutazama, na shemeji yako akawa anamwita Mama "Bibi Shamba".

Sasa nikueleze tulivyojiharibia. Unaijua hewa ya humu: chini vanishi inapulizwa kutwa, na harufu ya tina, ile ya kuyeyushia vanishi, inatufuata juu. Tukakaa kitako tukajiuliza, majani yahangaike kutengeneza hewa safi, halafu tuiache itoke dirishani? Tukaziba kila upenyo kwa selotepu, hata tundu la ufunguo. Tulijiona werevu kweli.

Chumba kikatota. Nilipovuta fremu nifagie nyuma yake, nilikuta ukungu mweusi umepanda mpaka darini, na kitanda cha Mama kiko papo hapo. Pumu ilikuwa imeshamkaba. Siku hizi analala ameketi, na ile dawa yake ya kuvuta haimsaidii kitu.

Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Dada, majani hata yawe msitu hayawezi kazi ya dirisha moja lililo wazi." Dirisha lenyewe linafungukia wapi? Juu ya mashine ya kupulizia vanishi. Nikilifunga, unyevu na ukungu. Nikilifungua, tina. Chumba chetu nacho ni vilevile. Nilitaka nimlete kwako, daktari akasema safari ndefu hataiweza tena.

Shemeji yako alizima mashine, akaapa hatapuliza tena. Mama akamwita, akamuuliza, "Sasa mkwe wangu, wajukuu zangu watakula majani ya ukutani?" Tukacheka. Kisha nikaenda jikoni nikalia. Mashine imewashwa tena, naisikia hapa ninapoandika. Hiyo hiyo inayomuua ndiyo inayotulisha. Nimechoka, ndugu yangu, nimechoka hata sijui nimwombe Mungu nini.

Usidhani nakulaumu. Mfa maji haachi kutapatapa, nasi tulitapatapa na majani. Mimea yote tumeitoa, isipokuwa chupa moja aliyoing'ang'ania Mama mwenyewe. Nilipojaribu kuichukua alinitazama kama ninamwibia.

Nisalimie wifi, wabusu mapacha, na ukimwona mjomba fundi saa mwambie miwani aliyoituma ilifika. Shemeji yako anakusalimu. Siku hizi maneno yamempungua.

Mama ameniagiza nikuandikie kwamba amepona kabisa, kwamba ukuta wako ndio uliomponya, na kwamba usikatize kazi kwa ajili yake. Alitaka nimsomee kipande hicho. Nimemsomea, ametabasamu, na sasa amesinzia. Mdogo wangu, njoo.

Mungu akulinde njiani, akufikishe umkute angali nasi.

Wako akupendaye,
Dada