Mabega Yaliyombeba Mama

Kaka Gervas,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila kukuamkia Mama atanigombeza.

Mama hajambo. Amekonda tangu tukuzike, ila shambani anakwenda, na maharage ya msimu huu yamekubali. Picha ya Mheshimiwa ilibaki ukutani pale ulipoibandika. Mazishini hakuja. Walisema yuko kwenye kampeni. Nilitazama barabara mpaka tukamaliza kufukia, mjinga mimi, maana hata mimi nilimpenda.

Wewe ulimwita baba. Ntobeye nzima iliijua hadithi yako: Mama alizidiwa, gari la Mheshimiwa likapita, akamchukua hadi hospitali. "Bila yeye ningekuwa yatima," ulisema kila mara, machozi yakikulenga. Ndiyo maana jirani yetu Deusi alipomwita Mheshimiwa mwongo kule mnadani Mugoma, ulichomoa panga ukamkata bega. Wenzake wakakurushia mawe, na hukuamka tena. Kaka, nimekulilia na nimekukasirikia, siku nyingine yote mawili kwa pamoja.

Baada yako tuligawana hata machela. Watu wa Mheshimiwa wakabeba wagonjwa wao, wa mpinzani wake wakabeba wa kwao.

Wiki tatu zilizopita mke wa mtoto wa Deusi alishikwa na uchungu. Mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki haipiti, na wabebaji wao walikuwa watatu tu. Deusi bega halinyanyuki. Akaja, akasimama uani kwetu, akaomba mtu wa nne. Nilitaka kumfukuza, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Mama akaniwahi: "Veneranda, kabla ya lile gari, nani walinibeba hadi barabarani?"

Nikakumbuka. Mlikuwa wanne, wewe na Deusi mbele, mlima wote ule. Gari tulilisimulia miaka yote, mabega tukayasahau. Na bega ulilolikata lilikuwa mojawapo.

Nikajifunga kanga, nikashika pembe ya nne. Wanawake hatubebi machela, unajua, kwa hiyo walinicheka kwanza. Deusi alitembea kando yangu akinielekeza pa kukanyaga. Tulipofika mtoni akasema, "Hapa Gervas alinitania kwamba nimechoka," akalia. Nami nililia huku nimebeba.

Mtoto amezaliwa, wa kike, na kelele zake tunazisikia hadi huku. Machela imekuwa moja tena. Inakaa kwetu, na kamba zake Deusi amezikaza kwa mkono mmoja na meno.

Picha nimeibandua. Sikuichana, maana kweli alimchukua Mama hadi hospitali, hilo simnyimi. Nimeiweka sandukuni tu. Lakini yeye jina lako hakulijua, kaka. Deusi analijua, na bado linamliza.

Pumzika. Nakuahidi kitu kimoja: akizidiwa mtu hapa, awe wa upande wowote, pembe ya mbele uliyokuwa ukiishika wewe nitaishika mimi.

Mdogo wako,
Veneranda