Wimbo wa Siku ya Maandazi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Sirkka alinipa daftari hili Krismasi. Alisema nikiendelea kuongea na sufuria atanipeleka kwa daktari. Haya, mke wangu, naandika.

Leo tumeanza. Albamu ya kumi na mbili ya Tuhat Lamppua! Jina lenyewe maana yake taa elfu moja. Ukituhesabu vizuri tuko taa nne, na mbili zinafifia. Mimi dramu, tangu 1984. Osmo besi. Kalervo gitaa. Rane ndiye sauti, na nyimbo zote anatunga yeye. Miaka tisa hatujatoa kitu. Watu walishatuzika. Tunafufuliwa harusini tu, ukipigwa ule wimbo wetu wa "Ijumaa Tunakuja" na mashangazi wakavua viatu.

Tunarekodi kwa Osmo, kwenye kile kiwanda chake cha zamani cha maziwa kando ya ziwa. Nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Ndani bado kunanuka siagi.

Rane. Hapa niandike polepole. Tangu madaktari wampasue koo, ile sauti ya juu imekwenda na hairudi. Nilikuja nimejiandaa kumhurumia. Akakaa kwenye kiti, hakusimama hata, akaimba chini kabisa, karibu na kunong'ona. Mungu wangu! Miaka arobaini nimekaa nyuma ya mtu huyu, na leo ndiyo nimesikia anachosema.

Jumatano, 5 Februari

Tatizo ni mimi.

Hakuna aliyelisema. Sisi hatusemi. Ila kila nikigusa ngoma, Rane anapotea, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Osmo alijaribu kwa utani: "Mzee, unapiga muziki au unafukuza dubu?" Tukacheka. Kisha nikaenda kuchukua taulo za sauna, nikafunika ngoma zote. Afadhali kidogo.

Kalervo naye kabadilika. Huyu aliyekuwa anapiga gitaa kwa meno jukwaani, na koti jeupe, na nywele kama kichaka! Leo wimbo mzima kapiga noti tatu. Nilimuuliza nyingine kaziweka wapi. Kasema kazila.

Hizo noti tatu ni nzuri mno.

Jumamosi, 8 Februari

Sauna, chumba chetu cha mvuke. Nyimbo mbili za kwanza zimepita.

Sheria yetu ni ileile ya tangu ujana. Tunakaa wanne kwenye benchi la juu, mlango umeachwa wazi kidogo, redio ya kaseti ya Osmo iko chumba cha kubadilishia nguo. Wimbo unachezwa mara moja tu. Halafu kata, ile ya mpini ya kuchotea maji, inazunguka. Anayekubali anamwaga maji kwenye mawe ya moto, yanalia na kutoa mvuke. Asiyekubali anairudisha kata kwenye ndoo, na wimbo umekufa. Hakuna kuulizana kwa nini. Anayetaka kujadiliana aoe tena, alisema Kalervo siku tulipoiweka.

Mimi nimerudisha kata mara moja tu maishani. 1991, wimbo wa Krismasi wenye kengele. Mpaka leo najishukuru.

Wimbo wa pili nimepiga kwa viganja vitupu. Rane alinigusa bega, akasema ni sawa. "Ni sawa" ya Rane ni hotuba nzima.

Jumanne, 11 Februari

Wimbo mpya: "Barafu ya Machi". Marafiki wanavuka ziwa kurudi nyumbani. Barafu imeanza kulegea, kila mmoja anajua, hakuna anayesema. Wanatembea mbali mbali, hatua ishirini kati ya mtu na mtu, ili mmoja akizama asiwazamishe wenzake. Basi, ndiyo hadithi yote. Rane hakutuangalia alipokuwa anatusomea.

Tumerekodi mara nane. Kwa fimbo laini, kwa viganja, kwa taulo, kwa pigo moja tu kila mwisho wa mstari. Si mbaya. Lakini mimi nasikia. Watu wanavuka barafu, na kuna mtu nyuma yao amevaa buti.

Sirkka kaniuliza mbona sili. Nimemwambia supu ina chumvi. Haikuwa na chumvi.

Alhamisi, 13 Februari

Sijui nianzie wapi.

Saa nane mchana nilijitolea kwenda kijijini kununua maandazi, haya ya krimu ya kabla ya Kwaresima. Kabla sijatoka, vita vya kila mwaka: Osmo anataka ya jamu, Kalervo ya lozi. Osmo kasema anayekula lozi hana mama. Kalervo kajibu jamu ni ya watoto na ya wapiga besi. Nikanunua mawili mawili, nikarudi. Dakika arobaini hivi.

Nilifungua mlango wa nje. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka, nikasimama ukumbini na buti zangu za theluji, boksi mkononi. Walikuwa wanapiga "Barafu ya Machi". Bila mimi.

Hakuna ngoma. Besi ya Osmo inakuja na kuondoka. Noti tatu za Kalervo. Na Rane yuko peke yake katikati ya ziwa, unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari, na katika ile pumzi unaogopa kwamba atazama. Hakuna anayemshikilia! Ndiyo maana yake yote. Nikipiga mimi, barafu inakuwa sakafu.

Ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kufanya. Nimesema tulivyowahi. Sijui kama bado naruhusiwa kusema hivyo.

Nililia. Ndiyo, na boksi la maandazi mkononi, mtu wa miaka sitini na nne.

Wimbo ulipokwisha nikatoka nje taratibu, nikahesabu mpaka hamsini, nikaingia tena nikipiga buti chini kwa kishindo. Wote watatu walikuwa na sura za watoto waliokutwa kabatini. Rane alitia kaseti mfukoni mwa koti. Osmo akala andazi lake, akalisifu. Akalisifu tena. Osmo! Mtu ambaye hajawahi kusifu chakula tangu azaliwe. Mara ya tatu nikajua hawataniambia.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya Marafiki, wengine huiita ya wapendanao. Kadi imekuja kwa posta, kutoka kwa Rane. Picha ya ndege wawili. "Kwa Aulis, rafiki yangu." Rane hajanitumia kadi tangu tujuane. Hata nilipovunjika mguu.

Sirkka kaiweka juu ya friji. Kaniuliza Rane anaumwa?

Jumanne, 18 Februari

Nimemwambia Sirkka. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya.

Kasema, waambie kwamba unajua.

Nikasema sisi hatuambiani mambo.

"Basi mngefuga mbwa, msianzishe bendi." Halafu kaweka kisu chini. "Aulis, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtakuja kupasukiana."

Nimempa hesabu yote. Rane keshasema wimbo wa "Barafu" ndio utakaofungua albamu, na jina la albamu ni hilo. Ule wao usio na ngoma ukiingia, hizi nyingine zitaufuata. Wataanza kunitoa wimbo mmoja mmoja, kwa upole, kila mmoja akiangalia pembeni. Na kweli zitakuwa nzuri zaidi! Hilo ndilo linaloniumiza. Ningekuwa naondolewa kwa ajili ya upuuzi ningegombana, ningevunja kitu.

Sirkka kaniuliza, bila dramu wewe ni nani? Hakuuliza kwa ubaya. Nimemenya viazi vilivyobaki.

Jumamosi, 22 Februari

Sauna. Nyimbo tatu zimepita, zote zina ngoma kidogo. "Barafu" hawajaileta. Rane kasema bado anachanganya sauti zake. Kalervo kaangalia vidole vyake vya miguu.

Naijua kata ile. Mpini wake una ufa pale kidole gumba kinapokaa. Leo nilipoishika niliwaza: wakileta ule wao, ninaweza kuirudisha kwenye ndoo. Neno moja sihitaji. Sheria ni sheria. Utakufa, na mimi nitabaki mpiga dramu wa Tuhat Lamppua mpaka kaburini.

Nimeandika hivi ili nione aibu. Naiona.

Alhamisi, 27 Februari

Nimesikiliza albamu zetu za zamani zote, leo mchana kutwa, Sirkka yuko kwa dada yake. Ile ya kwanza: kelele, furaha, kinanda kinachokoroma. Mimi napiga kama nyumba inaungua. Zile za miaka ya tisini: tumevaa suti, tunajifanya tuna huzuni. Halafu ile ya 2016, tulijaribu kurudi vijana. Aibu tupu.

Na sasa hii. Rane angeweza kuhuzunikia ile sauti iliyokwenda. Angeweza kukodi kijana amwimbie zile noti za juu. Badala yake kaishika hii iliyobaki na kutafuta inaweza kufika wapi. Kalervo kaacha vidole vyake vya haraka, vilivyompa jina. Osmo kaacha... Osmo hajaacha kitu, ila anasikiliza, na huko nyuma hakuwa anasikiliza. Kila mmoja kaacha kile alichopigiwa makofi.

Ila mimi. Mimi nimefunika taulo tu.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika hapa hapa, chumba cha kubadilishia nguo. Nimejifunga taulo, jasho linadondokea karatasi. Nikisubiri mpaka nyumbani nitakuwa nimejidanganya.

Leo wameileta. Osmo kaipasha sauna mpaka masikio yanaungua. Rane akaweka kaseti, akapanda, akakaa. Nilingoja ile pumzi yake ya kwanza. Nikasikia fimbo laini. Nikasikia mimi! Wameleta toleo langu, la mara ya nane. Kwa ajili yangu wameuzika ule mwingine.

Wimbo ukaisha. Osmo akamwaga haraka. Kalervo akamwaga haraka. Rane akamwaga kidogo, tone, mawe hayakulia hata, akanipa kata bila kunitazama.

Nikairudisha kwenye ndoo.

Mvuke wote ulipanda na kuisha.

"Aulis," Osmo akasema, "hizo ni ngoma zako mwenyewe, bwana."

"Nazijua ni za nani. Lete ile nyingine."

"Ipi?" Kalervo huyo. Hajui kusema uongo, anakuwa mwekundu hata kabla ya sauna.

"Ile ya siku ya maandazi. Nilikuwa ukumbini, Kalervo. Nimeshika lozi zako."

Osmo alianza kucheka. Kisha akajifuta uso, na si jasho peke yake. Rane ndiye aliyekasirika. Kaniuliza wiki mbili zote hizi nilijua nikanyamaza? Nikamuuliza nyinyi je? Akashuka mwenyewe, akaitoa kaseti kwenye mfuko wa koti lake. Ilikuwa mfukoni siku zote hizo! Alikuwa anatembea nayo.

Tukasikiliza. Sitaandika tena jinsi ulivyo. Ni mzuri kuliko nilivyoukumbuka.

Kata nikaichukua mimi kwanza. Nikaijaza mpaka ukingoni, nikaimwaga yote. Mawe yakalia, Osmo akapiga yowe na kuinama. Yeye akamwaga. Kalervo akamwaga. Ikafika kwa Rane.

Hakumwaga. Aliishika magotini, maji ndani, akaniuliza kwa ile sauti yake mpya, ya chini: "Nikimwaga, Jumatatu utakuja?"

Nikamwambia amwage kwanza.

"Jumatatu utakuja, Aulis?"

Sijui. Ndiyo ukweli, sijui nije kufanya nini. Nikashuka, nikatoka, nikarudishia mlango ili aamue bila kuona uso wangu. Daftari lilikuwa kwenye mkoba.

Dakika ya kumi sasa. Mawe hayajalia. Kalervo kakohoa mara moja. Nasikia kuni zinavyopasuka, na dirishani ziwa lote ni jeupe.

Nimegundua kisigino changu kinagonga ubao wa sakafu. Sijui kimeanza lini. Polepole sana, pigo moja, halafu nafasi ndefu, halafu jingine, kama mtu aliye mbali nyuma ya wenzake, hatua ishirini. Ni mwendo wa ule wimbo.

Ndani Osmo anauliza ni nani anagonga. Rane kamwambia anyamaze, asikilize.

Nimekisimamisha kisigino. Rane kasema kwa sauti nisikie: endelea.

Maji bado hajayamwaga.