Vikombe Vyenye Mawimbi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na magoti yako yamepata nafuu. Sisi huku ni wazima, ila tumechoka, mimi hasa.

Ujumbe wako kuhusu kibao cha saluni yako mpya niliupata. Unauliza mbona nimekaa kimya wakati kuandika mabango ndiyo kazi yangu. Nivumilie, nitafika huko.

Siku hizi nashinda nyumbani na watoto. Wifi yako akishaondoka kwenda kazini, nawakalisha sakafuni na makaratasi, nawafundisha kuchora vitu vya humu humu ndani: kikombe, kiti, ufunguo. Kikombe tunaanza na yai lililolala, ndio mdomo wake, kisha mistari miwili ya kushuka, mwisho mkono wa kushikia. Kitinda mimba anachora mkono mkubwa kuliko kikombe, na kusahihishwa hataki. Dada yake, tunayemwita Bibi Mkubwa kwa jinsi anavyotuamrisha, anakodolea vidole vyangu macho na kufuata kila kitu. Wananimaliza, dada. Ikifika mchana sina hata nguvu ya kugomba.

Juzi mwalimu wa Bibi Mkubwa aliniita. Alisema mtoto anaandika herufi zilizonyooka vizuri, lakini kila kikombe anachochora kina mawimbi ubavuni, na akiambiwa anyooshe anakataa katakata. Njiani nikamuuliza mtoto kulikoni. Akanishangaa, akasema vikombe huchorwa hivyo, baba ndiye fundi, mwalimu hajui.

Dada, mkono wangu wa kulia unatetemeka. Nilikuambia kazi zimedorora, nilikudanganya. Bango la mwisho liliniharibikia mbele ya mwenye duka, nikafunga makopo yangu ya rangi nikarudi nyumbani, na hospitali naogopa kwenda. Kibao chako sikiwezi, na kukuambia hivyo kunaniuma sana.

Bila shaka umeshaona mwandiko huu si wangu. Mimi nasema, wifi yako anaandika. Nilidhani habari hii ndiyo kwanza anaisikia, nikawa namtazama kwa wizi. Hata uso hakuinua. Ameniuliza tu, kwani nilifikiri ni kwa nini siku hizi ananimiminia chai nusu kikombe. Halafu ameniamuru nikuambie kwamba kesho ananipeleka hospitali, basi nimekuambia.

Msalimie sana shemeji. Watoto wanakuamkia, na Bibi Mkubwa anasema kibao atakuandikia yeye.

Hapa chini nimetia mkono wangu mwenyewe. Usiyacheke mawimbi yake.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Rangi