Shamba la Wairimu

Tetu, Nyeri

Shikamoo Mama,

Hapa ni ukungu, nafundisha nikiwa na sweta mbili. Jirani yangu Wairimu amefiwa na mumewe. Baada ya mazishi shemeji yake alitangaza kwamba shamba lisipopandwa kabla ya mvua, atalichukua. Basi jana wanawake wa kanisani tulikwenda shambani kwake na majembe na mbegu za viazi. Adhuhuri shemeji akatokea na jembe lake, akasimama langoni. Wairimu akamwendea. Akamwambia, “Ingia, mstari moja imebaki. Lakini hii shamba iko na mwenyewe.” Yule bwana akavua kofia, akaingia, akapanda nasi hadi mwisho.

Mungu awape mvua huko Kilifi, mahindi yenu yaote.

Mwanao,
Kadzo