Tangawizi Imezidi

Baba watoto,

Donge la biskuti za sikukuu liko kwenye friji. Likate, uoke kwa moto mdogo mpaka nyumba inukie mdalasini. ~~Usionje hata kidogo.~~ Onja tu, si ndiyo kazi yako?

Asubuhi hata salamu hukutoa. Umemega donge bichi, ukatoa hukumu mbele ya watoto: "Tangawizi imezidi. Hizi siyo za mama." Miaka yote naoka kwa maelekezo ya mama yako, leo nimekuwa mgeni jikoni!

Nakwenda kumchukua mama yako. Jana ulipokuwa kazini alikuja akalikanda hilo donge mwenyewe. Mimi nilishika bakuli tu. Akiingia, umwambie kwamba siyo za mama.

Mkwe wake