Mwanangu Ananisema kwa Kiingereza Mbele Yangu, Hajui Kwamba Naelewa

Mpendwa mshauri, Shangazi Kulbir, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana nakusoma kila Ijumaa katika hili gazeti la bure wanaloliweka mlangoni mwa duka la mboga, na siku zote nilikuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa hawana dada zao wa kuwaambia mambo yao, na leo ni mimi.

Mimi ni mjane, nakaa hapa Brampton kwa mwanangu wa pekee Tejpal, na mkewe Simrit, na binti yao Mehar ambaye nimemlea mwenyewe tangu alipotoka hospitali akiwa mwekundu kama nyanya, wao wakienda kazini, yeye kwenye malori yake na mkewe kwenye duka la dawa, na sasa Mehar ameanza shule na nyumba mchana imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikinguruma, ndipo Simrit akaniandikisha darasa la Kiingereza la wazee pale maktaba, na mimi nikanuna, nikajua ananitafutia pa kwenda ili nisimkalie nyumbani kwake.

Kumbe nililipenda. Mwalimu wetu Yvette ana sauti kubwa na hachoki, alianza na vitu vya nyumbani, akasema mtu hushika upesi jina la kile anachokigusa kila siku, mto, pazia, sufuria, kabati, halafu akatuletea yale maneno madogo ya kuonyesha kitu kiko wapi na kinakwenda wapi, na hayo shangazi yalinitoa jasho, kwa sababu sisi kwa Kipunjabi tunataja meza kwanza ndipo tuseme juu yake, wao wanaanza na juu ndipo waitaje meza, tena wana neno moja la kitu kilichokalia kingine kikagusana nacho, na neno jingine la kitu kilicho juu ya kingine bila kukigusa, nami nikawa nafanya mazoezi peke yangu jikoni, kikombe ndani ya sinki, taulo nyuma ya mlango, ufagio kando ya jiko, nikajisikia msichana.

Basi Jumapili moja asubuhi nilikuwa nasukuma chapati, wao wawili wako mezani na chai, wanaongea Kiingereza kama kawaida yao wakiwa na jambo lao, na siku zote maneno yao yalinipita kama redio ya jirani, lakini siku ile nilisikia kitanda, nikasikia chumba, nikasikia mashine ya kufulia, na katikati yake yale maneno yangu madogo, nikaganda na kifimbo cha kusukumia mkononi.

Tejpal alisema, "Tumtoe juu tumpeleke chini, kile chumba cha chini ya ardhi. Kitanda chake kitaingia vizuri kando ya mashine ya kufulia. Mimi nahitaji kile chumba, niweke meza ya ofisi na kiti."

Simrit akamjibu, "Chini kuna baridi, Tej. Na yeye si kiti."

"Shusha sauti."

"Kwa nini nishushe? Si unasema haelewi?"

"Haelewi. Basi sema unachotaka." Akamega kipande cha chapati yangu, akakichovya kwenye mtindi. Akasema jambo jingine, refu, na humo nikasikia nje ya nyumba, na nikasikia lile neno la kwenda mahali, na mwaka ujao, lakini mahali penyewe sikupajua, jina lake lilikuwa refu na sijawahi kufundishwa. Simrit akasimama na kikombe chake akatoka, na Tejpal akanigeukia kwa Kipunjabi, kwa sauti tamu ya kunibembeleza, "Biji, chapati zako leo zimeumuka vizuri mama yangu."

Shangazi, mimi nilibaki na huyu mtoto babake alipokufa, shemeji zangu wakataka kunirudisha kwetu na yeye abaki kwao, nikagoma, nikalala naye mlangoni mwa chumba chetu kule nyumbani, mjini Moga, ili asije mtu kumchukua, na ndiye huyu.

Wiki ile ile akaja akakaa kitandani kwangu akanishika goti. "Biji, magoti yako hayo, ngazi za kupanda juu zitakumaliza. Tumekuandalia chumba chini, utastarehe."

Nikamuuliza, "Na chini nashukaje, nakwenda kwa kamba?"

Akacheka. "Ngazi chache tu Biji, tena zina zulia."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuweza kusema lolote, kwa sababu nikisema nilikusikia nitalazimika kusikia jibu lake, na pia niliona wakijua naelewa watahamia chumbani kwao kuongea na nitarudi kuwa kiziwi, wala sitalijua lile jina la mahali. Tangu hapo nimekuwa najifanya mjinga kuliko nilivyokuwa mwanzo, hata walipokuja rafiki zake, akanionyesha kwao kama kasuku, "Biji anasoma siku hizi! Biji, kijiko kiko wapi?" kwa Kiingereza, na kijiko nakiona kiko ndani ya bakuli, na maneno ninayo mdomoni, nikasema, "Kijiko, kijiko, ndiyo, kijiko," wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai, na Tejpal akasema, "Acha kwenda huko Biji, unajichosha bure, kwani nani ataongea Kiingereza na wewe?"

Simrit peke yake hakucheka. Aliteremka siku ya kwanza nilipohamia chini akaniletea hita ya umeme na blanketi lake la harusi, akaniambia nilale na Mehar juu, nikamwambia niko sawa, nikageukia ukuta, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa namsubiri anikosee miaka yote hii, nilijiandaa kwa ajili yake, na nilipomwona amesimama pale na blanketi sikujua niutie wapi ule uchungu niliomwekea. Na pale gurdwara, hekaluni kwetu, Gurmej, ambaye tunamenya naye vitunguu vya jikoni, aliponiuliza mbele ya wenzetu, "Mkamwana amekutupa shimoni, eh?" nilinyamaza, na kimya changu wakakitafsiri wenyewe, na sasa habari imeenea.

Juzi darasani Yvette alimtaka kila mtu asimame aeleze chumba chake cha kulala, mwenzangu Lurdes, mjane wa Kireno, akaeleza cha kwake na sanamu zake za Bikira Maria, ikafika zamu yangu nikasema kitanda changu kiko chini ya nyumba, kiko kando ya mashine ya kufulia, mbele ya tanuri la kupashia nyumba joto, dirisha liko juu karibu na dari na nje ya dirisha kuna theluji, na mwanangu yuko juu yangu, nikatumia lile neno la kisichogusa. Yvette akapiga makofi, "Vizuri sana! Hujakosea hata moja!" na darasa zima likapiga makofi, wakatabasamu, nami nikatabasamu, nikakaa. Lurdes hakupiga. Alinishika mkono chini ya meza hadi kipindi kikaisha.

Naomba ushauri, shangazi. Nimwambie mwanangu kwamba nilisikia, au niendelee kujifanya bubu niijue safari yangu ya mwaka ujao? Na huyu mkamwana nitamtazamaje usoni? Wakati mwingine nawaza nimpigie binti ya dada yangu aliyeko Winnipeg, nipande basi niende bila kuaga, wakitafuta chapati wakute jiko limepoa.

Mama wa Chini, Brampton.

SHANGAZI KULBIR ANAJIBU:

Mama yangu, barua yako nimeisoma nikiwa na simu sikioni, na aliyekuwa upande wa pili ilibidi nimwambie nitampigia baadaye. Pole. Sitakuambia kwamba mwanao alikuwa na nia njema, kwa sababu hakuwa nayo. Mtu anayemzungumzia mama yake mbele yake kama anapanga samani, halafu akamsifia chapati, hana tatizo la nafasi nyumbani. Ana tatizo la aibu, anaikimbia kwa lugha. Hili lisikuchanganye: goti lako alilishika ili asikutazame machoni.

Lakini na wewe leo nitakusema, maana umeniomba ushauri, hukuniomba nikulilie.

Kwanza, acha kujifanya mjinga. Unadhani unamchunguza, kumbe unamsaidia. Kila ukikosa kijiko kwa makusudi, unampa sababu ya kusema haelewi, na kila akisema haelewi anapata ruhusa ya kuendelea. Umekaa darasani kupata ulimi, ukautoa, ukauficha chini ya mto. Kwa nini? Unaogopa kusikia jibu lake? Jibu lake umeshalisikia, mama. Unalala ndani yake.

Pili, Simrit. Hapa nimekasirika, nakuambia wazi. Mwanamke huyo ndiye aliyekuandikisha darasa, ukanuna. Ndiye aliyekutetea mezani akidhani husikii, kwa hiyo hakufanya ili umshukuru. Amekuletea blanketi lake la harusi, ukampa mgongo. Halafu Gurmej anamchafua mbele ya watu na wewe unamenya kitunguu! Unajua inavyouma kuzungumziwa bila nafasi ya kujibu, na ndicho hicho umemfanyia yeye. Jumapili hii, hapo hapo jikoni gurdwara, mbele ya wale wale waliosikia, sema: aliyenihamisha ni mwanangu, mkamwana alikataa. Gurmej akikodoa macho, mwongezee vitunguu. Ukitoka hapo mwendee Simrit mwenyewe, kabla ya yote mengine, umwambie kwamba uliyasikia maneno yake kuhusu kiti. Usimtolee hotuba. Mwambie hilo tu na umshike mkono. Utaona nyumba ile ina mtu upande wako.

Tatu, hita uliyopewa na Simrit isikae karibu na nguo za kufua, na kama dirisha hilo huwezi kulifungua na kupita moto ukizuka, hapo si mahali pa mtu kulala, liseme hilo kwa daktari wako anapokupima magoti. Madaktari huandika, na wana huwasikiliza madaktari kuliko mama zao.

Nne, darasa huachi. Hata theluji ifike kiunoni. Mwambie Yvette ukweli baada ya kipindi, si kwa mfano wa kitanda, kwa maneno ya kawaida, na Lurdes akae nawe. Pale maktaba huja wafanyakazi wa kusaidia wazee, Yvette anawajua. Usitie sahihi karatasi yoyote usiyoielewa. Wewe una akili timamu, na mwenye akili timamu hapelekwi kuishi mahali asipopataka, hata kama kijana ana malori kumi.

Winnipeg nenda ukitaka, lakini kwa mlango wa mbele, mizigo mkononi, saa ambayo wote wako nyumbani, na Mehar umbusu na kumwambia utampigia. Kutoroka ni kwa mtu aliyekosa, na mtoto uliyemlea ataamini hukumpenda.

Na mwanao? Siwezi kukuahidi kwamba atabadilika. Nimeandika safu hii muda mrefu na nimeona wana waliolia miguuni pa mama zao na nimeona wengine waliokasirika kwa kuwa walikamatwa, na wako, kwa jinsi ulivyonieleza, naogopa ni wa pili. Jiandae kwa hilo. Lakini haki yako ya kuuliza haitegemei yeye atajibu nini.

Kwa hiyo Jumapili itakayofuata, wakiwa wawili mezani na chai, usisimame jikoni. Vua aproni, vuta kiti, kaa. Mtazame usoni. Muulize kwa Kiingereza, polepole, hata ukikosea: "Mwaka ujao unanipeleka wapi?" Halafu nyamaza kabisa, usimsaidie hata kwa neno moja la Kipunjabi, na chapati siku hiyo azipike yeye.